Shemeji anataka kabati nzima, dada anataka ya mu carton

Nawasalimia wote wa hii page. Admin, jina yangu uifiche. Mutaa wa Ruziba ni kubwa, hiyo jina unaweza kuacha, na mutu mwenye nataka kuongelea hana Facebook, anasema ni ya wambeya. Mi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, nakaa Kanyosha kwa mama. Masomo niliacha mu primaire, mutanisamehe kwa maandiko. Kuongea mbele ya watu siwezi, kazini wananiita Bubu. Lakini kuangalia, naangalia.

Nafanya kazi mu magasin moja ya quartier Asiatique, tunauza makabati ya cuisine, ya jikoni. Ziko aina mbili. Moja inatoka kwetu imekwisha fungwa, gundi na misumari, nzima, tunaibeba watu wane mupaka kwa mwenyewe. Ingine iko mu carton, mbao na vis, zile skrubu, naenda kuifungia kule kwake. Zikisha simama kwa ukuta zinafanana. Tofauti ni hii: ya carton, mwenye tournevis, bisibisi, anaifungua. Ile nzima haifunguki, labda uipige shoka.

Hii kazi nilitafutiwa na shemeji, bwana ya dada yangu mukubwa. Patron ni rafiki yake. Wanakaa Ruziba, nyumba nzuri, grillage ya chuma kwa madirisha yote. Dada alikuwa anapikia inyuma, anatoka kwa mulango wa cuisine, anaweka imbabura yake, jiko ya makala, pale chini, anapiga story na jirani, mama mumoja Mukongomani mwenye kuuza ndagala, wale samaki wadogo. Shemeji akaanza kusema yule mama anamuharibia bibi. Kisha akasema anataka kumupa bibi yake cuisine ya kisasa.

Alikuja magasin mwenyewe. Nikamushauri achukue ya carton, sababu ile ukuta ya cuisine iko na mulango wa inyuma, na mbao za carton ningezipanga pembeni, mulango ubaki. Akacheka mbele ya wenzangu, akasema ya carton ni ya wapangaji, watu wenye kujua watahama. Wenzangu nao wakacheka, eti leo Bubu ameongea na ameongea vibaya.

Tukapeleka ile nzima. Akatuonyesha mahali, ni mbele ya ule mulango wa inyuma kabisa. Mi nilizani tukisha itua atasema tuisogeze. Aliisukuma na bega, haikutikisika. Akaniuliza, "Petit, mutu mumoja anaweza kuitoa hapa?"

Nikamwambia apana, inataka watu wane.

"Ni vizuri," akasema.

Dada alikuwa amesimama pale, mikono juu ya tumbo, ana mimba. Hakuangalia kabati. Aliniangalia mi.

Tangu ile siku anapikia ndani, kwa gaz. Watu wanamusifu. Mama anasimulia kwa kanisa vile mutoto wake amepata cuisine kama ya wakubwa. Siku moja nilitumwa kupeleka meza kule karibu, nikapita kumusalimia, nikakuta kufuli kwa mulango wa mbele, inje. Nilizani ametoka. Kisha nikasikia mutu anaosha sahani. Nikazunguka kwa dirisha ya cuisine, dada akakuja inyuma ya grillage. Alisema shemeji akienda kazi anafunga juu ya wezi. Nikamuuliza simu. Alisema iliharibika, shemeji ameipeleka kutengeneza. Alikuwa anasema hivyo akiangalia njia. Yule mama wa ndagala njo anapitaka kwa ile dirisha kumuuliza kama tumbo imeanza kuuma.

Nilimuambia mama. Aliendelea kumenya mihogo yake. Akasema, "Niko zubakwa." Kirundi hiyo, ni kusema nyumba zinajengwa hivyo, mwanamuke anavumilia. Akaniambia nisiharibu nyumba ya dada yangu, na nikumbuke nani alinitafutia kazi.

Hii wiki shemeji amerudi magasin. Anataka kabati ingine, ndefu mupaka juu, nzima. Patron akamuuliza itakaa wapi. Alisema kwa dirisha ya cuisine, jua inaingia sana.

Ile dirisha haiingiaki jua. Inaangalia ukuta ya jirani.

Patron akanituma nikapime. Shemeji alikuwa pale, anashika mwisho wa metre yeye mwenyewe. Simu yake ikalia, akasogea kidogo kwa salon. Dada akanikaribia kama mwenye anachukua sahani. Hakulia. Alisema polepole, "Uniletee ya carton, mudogo wangu. Na tournevis uisahau hapa."

Shemeji akarudi, akauliza tunaongea nini. Dada akamujibu alikuwa anasema anapenda nyeupe.

Tunapeleka samedi, hii Jumamosi. Mu dépôt, stoo yetu, ziko zote mbili, nyeupe. Mi njo natayarisha. Naweza kufunga ile ya carton hapa kwetu, vichwa vya vis nivifunike na vile vifuniko vyeupe, tuibebe kama nzima. Hata wenye kubeba hawatajua. Lakini shemeji ni mutu wa kuangalia kama mi. Ataisukuma na bega. Atafungua milango, atapitisha vidole ndani, nilimuona akifanya hivyo kwa ile ya kwanza. Akijua, mi nitafukuzwa kazi, nitarudi kwa mama, basi. Dada atabaki naye mule ndani.

Na nikipeleka ile nzima, siku tumbo itauma kufuli iko inje na dirisha imezibwa, ataita nani? Mukubwa wa mutaa anakunywaka na shemeji. Nikienda kwa polisi, watauliza nimeona nini, na mi nitasema nimeona makabati.

Ndugu zangu, mama zetu wenye mulizaa, nishaurini. Nibebe gani? Na kama ni kuongea, niongee na nani, mi Bubu? Tournevis imekwisha kuwa mu mufuko wangu, naishika hata sasa nikiandika. Musinijibu dimanche, samedi itakuwa imekwisha pita.