Mfuniko wa Pipa la Kunawia

Wakati wa korona, mama aliondoa mfuniko wa pipa la maji ya kunawa mlangoni kwetu Utemini, eti wageni wasiushikeshike. Hazikupita siku nyingi, mbu wakazaliana humo wengi kuliko watu wa mnada wa Ikungi. Homa ikamwangusha mama mwenyewe, naye akagoma kwenda zahanati.

“Watasema nina korona, majirani wanikimbie!”

Shangazi akacheka. “Wifi, mbu wako wameshanawa, sasa wanakula. Inuka ukapime.”

Wakamkuta na malaria. Mama alirudi akitetemeka, huku akitangaza nyumba kwa nyumba kama aliyeshinda uchaguzi: “Ni malaria tu, jamani!” Alipofika mlangoni alilifunika pipa kwanza, ndipo akaomba maji ya kumezea dawa.