Deki ya Angelina

Tangu mama mkwe wake alipopigwa na kiharusi, Angelina hakuwahi kufika hata mnadani Karatu bila kuulizwa atarudi saa ngapi. Alimwogesha mzee yule, alimnywesha uji, alimgeuza ubavu huu na huu, na kanisani watu wakamsifu mpaka wakapitiliza. Mke wa Silvanus ni malaika, walisema. Kilemba cha ukoka hicho! Malaika gani hajui hata vitunguu vinauzwaje siku hizi?

Zamani alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii, njia ya kupandia Ngorongoro. Wiki ile mpishi mkuu alimpigia simu: nafasi yake iko wazi, watamsubiri mpaka Jumamosi. Silvanus, dereva wa watalii ambaye nyumbani huonekana kwa msimu kama mvua, alikwisha kuahidi kwamba mwaka huu angetafuta dada wa kazi wa kumwuguza mama. Kwa hiyo Alhamisi aliporudi na kusema, "Mama Emmanueli, vaa twende mjini, nina jambo lako," Angelina alivaa gauni lake la kitenge. Dada amepatikana, aliwaza njia nzima.

Wakasimama mbele ya duka la Felisiani, muuza redio na televisheni.

"Chagua deki," Silvanus alisema, amejaa fahari. "Chagua wewe mwenyewe. Utazame filamu za nje pale chumbani kwa mama, upweke ukupungue."

"Na yule dada, Baba Emmanueli?"

"Dada wa nini tena? Hela yake ndiyo hii. Wasichana wa siku hizi hawakai. Utamfundisha kazi leo, kesho umsikie yuko Arusha."

Wateja wote waligeuka kumtazama mwanamke mwenye bahati. Jirani yao Felista alivuta mdomo, akasema wa kwake hajamletea hata kiberiti. Sasa utaikataaje zawadi mbele ya kadamnasi? Ukikataa una kiburi, na mume umemvua nguo hadharani. Ukipokea, umekwisha. Angelina alikasirika mpaka masikio yakamwasha, na mdomo wake ukasema asante.

Felisiani alizipanga deki mezani. Hii inasoma hata diski zilizokwaruzika. Hii ina tundu la flashi. Lakini aliyoisifia zaidi ilikuwa ndogo, yenye kioo chake na betri yake.

"Shemeji, hii unaifunika kama kitabu, unaondoka nayo popote."

"Aende nayo wapi?" Silvanus aliuliza.

Wakacheka, Felisiani na wateja wote, maana kweli ilichekesha. Angelina naye alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote. Akachagua kubwa, ya kukaa juu ya kabati.

Ijumaa Silvanus aliondoka na wageni kwenda kreta ya Ngorongoro. Mchana Angelina aliweka diski moja kati ya zile ambazo watalii walimwachia mumewe. Haikuwa ya kutafsiriwa, hizi ambazo mtu wetu anapaza sauti kukueleza kila kitu kwa Kiswahili. Wakorea walisema Kikorea chao, na chini yakapita maandishi ya Kiingereza. Angelina aliyasoma kwa Kiingereza chake cha jikoni. Mama mkwe hakujua kusoma kabisa, basi kila mdomo ulipofunguka aliuliza kwa Kiiraqw, "Anasema nini?" Hata kutoka kwenda kuepua sufuria ikawa vita.

Ikafika mahali mwanamke mmoja amesimama mlangoni na begi mkononi, anazungumza na watu wa nyumbani kwake.

"Anasema nini huyo?"

Angelina hakuyatazama maandishi. "Anasema amepata kazi, mama. Wanamsubiri kesho."

Mama mkwe akanyoosha mkono wake uliobaki mzima, akaushika upindo wa khanga ya Angelina.

"Na mgonjwa anamwachia nani?"

Katika filamu ile hapakuwa na mgonjwa. Angelina alimtazama yule mzee, naye mzee hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa anaogopa, waziwazi, kama mtoto. Angelina angeweza kumchukia Silvanus mpaka kesho, lakini huyu angemchukiaje?

"Hamwachi, mama," alisema. "Anarudi ndani."

Na kwenye kioo mwanamke yule akafunga mlango nyuma yake, akashuka ngazi na begi lake.