Mwavuli wa Nyumba ya Mvua

Sikuwa nimelewa, na sikuota. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi mwenyewe ningesikia kisa kama hiki kwa mtu mwingine, ningemuuliza alikula nini mchana. Nilikula githeri, mahindi na maharagwe tu. Jambo lenyewe lilinipata mjini Embu, alasiri, na mwavuli nitakaokueleza umening'inia nyuma ya mlango wangu sasa hivi ninapoandika.

Ndani ya bustani ya umma pale mjini kuna nyumba ya mawe ambayo watu huiita Nyumba ya Mvua. Zamani ilikuwa kituo cha kupima hali ya hewa. Baadaye iliachwa, paa likatoboka, mbuzi wakaigeuza boma lao. Majuzi ikakarabatiwa: mabati mapya, rangi nyeupe, vipimajoto vya zamani vikapangwa ndani ya kabati za vioo. Nje, kwenye nyasi, kipima mvua chenyewe bado kipo, mkebe wa shaba uliozikwa nusu ardhini.

Babu yangu alifanya kazi hapo miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Zaidi ya hilo sikujua kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimetafuta kazi mpaka viatu vikaisha, na hatimaye nikapata moja Nairobi. Nilitakiwa kuripoti Jumatatu. Basi Ijumaa hiyo nilikuwa na wasiwasi wa kila aina. Nikisahau majina ya watu ofisini je? Nikifika mapema mno, si wataniona mshamba? Cucu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea, alichoka kunisikiliza.

"Mume wangu," akaniambia, "toka nje utembee. Unanimalizia hewa."

Usishangae. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na akishapewa jina, huyo ndiye babu. Cucu ameniita mume wake tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Wazee waliomjua babu walikuwa wakinisimamisha njiani na kuniuliza mbona niliwauzia ng'ombe kiwete, nami naomba msamaha, tunacheka, kila mtu anaenda zake. Ukibeba jina la mtu, unajibu kwa niaba yake. Hayo ni malezi. Jina lenyewe sitaliandika hapa, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Nilifika bustanini manyunyu yakianza. Mlinzi wa lango, Mama Mukami, alinitazama kutoka kibandani mwake.

"Wewe kijana, unafuata nini na baridi hii? Hata watoto wa shule wamekataa kuja leo."

"Naangalia tu, mama."

"Na huna mwavuli. Hawa wasomi wetu!"

Ndani kulikuwa kimya, kunanukia rangi. Nilisoma vibao vyote, vingine mara mbili, na kusema kweli moyo ulianza kutulia. Halafu, kupitia dirisha la nyuma, nikaona mtu amesimama kando ya kipima mvua chini ya mwavuli mweusi. Alivaa kaptula ya kaki, gambuti za mvua, na sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko. Nikafikiri ni mfanyakazi aliyevishwa mavazi ya zamani ili kufurahisha wageni. Nikatoka kumsalimu, maana kumpita mtu bila salamu si adabu.

Aligeuka kabla sijafungua mdomo. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyechelewa, akaniita kwa jina.

"Umerudi?"

Niambie, wewe ungejibu nini? Mimi nilidhani ni mmoja wa wale waliomjua babu. Lakini alikuwa kijana wa rika langu! Kijana wa rika langu angemjulia wapi babu yangu? Mimi ambaye huwaza mara mbili nianze kuvaa kiatu cha mguu gani, siku hiyo sikuwaza hata mara moja. Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyozoezwa nyumbani.

"Nimerudi. Pole kwa kukungojesha."

"Ulisema kesho," akasema, bila hasira yoyote. "Nilikuwa nimeanza kusikia baridi kwa kifua."

"Pole sana."

"Si neno, umefika. Shika basi. Mimi naenda nyumbani."

Akanipa mwavuli. Mpini wake ulikuwa wa mti, na ulikuwa na joto kama mpini wa jembe lililotoka sasa hivi mkononi mwa mtu. Akaondoka polepole, amelegeza mabega, kama mtu aliyemaliza kazi. Nyasi zilijaa matone. Niamini, alipopita hakuna tone hata moja lililoanguka. Akazunguka ua wa miiba ya kayaba, na nyuma ya ua ule hakuna njia.

Sikukimbia. Nilisimama tu kando ya ule mkebe, na kilichonishtua baadaye ni kwamba sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nasubiri mvua iishe.

Langoni Mama Mukami alinizuia. "Uliingia mikono mitupu. Huo mwavuli umetoa wapi?"

"Nimepewa na mfanyakazi wenu, yule wa gambuti."

"Mfanyakazi gani? Leo niko peke yangu, na lango ni hili tu." Aliutazama mpini, akarudi nyuma kidogo. "Nenda nao. Tafadhali usiuache hapa."

Nyumbani, Cucu alikuwa akiambua maharagwe. Alipouona mwavuli aliacha, akapapasa alama zilizochongwa kwenye mpini.

"Huu ni wako," akasema, na najua hakuwa akisema na mimi. Kisha akanieleza. Babu alifanya kazi na mwenzake aliyeitwa Ireri, wakipokezana zamu ya kipima mvua. Siku moja ya mvua babu aliitwa mbali, Mikinduri, kwa ndugu yake mgonjwa. Akamwambia Ireri, "Nishikie mwavuli, narudi kesho." Kule Mikinduri akapata biashara ya miraa, akamwita Cucu amfuate, na kesho hiyo haikufika. Ireri alishika zamu zote mbili, usiku na mchana, hadi kifua kikamuua.

"Babu yako hakumtaja tena. Lakini mvua ikinyesha alikuwa anasimama mlangoni mpaka iishe." Akaniangalia. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Kwamba nimerudi."

Alinirudishia mwavuli. "Ni vizuri, Ireri amepumzika. Lakini umesema mwenyewe, mume wangu. Umerudi kazini."

Nilienda Nairobi. Nilitaka kuuacha mwavuli, lakini Cucu alikataa kulala nao nyumba moja. Wiki ya kwanza, jua likiwaka Nairobi yote, nilirudi chumbani nikakuta sakafu imelowa. Mwavuli ulikuwa ukidondoka maji. Nikampigia simu Mama Mukami, ambaye namba yake niliipata kwa Cucu.

"Kwenu kunanyesha?"

"Kunanyesha sana. Wewe umejuaje?"

Nilivumilia kidogo. Lakini jaribu kulala ukisikia matone ya mvua isiyo ya kwako, huku ukijua kuna mahali hakuna aliyesimama. Kazi niliiacha. Sasa nafundisha watoto hisabati nyumbani kwao, na nimerudi Embu, nimepanga chumba mtaa wa Majimbo, karibu na bustani. Mvua ikianza naenda. Ikiisha, mwavuli unakauka, nami nalala vizuri kuliko zamani.

Wa kunipokea zamu ni atakayebeba jina langu, na kwa desturi yetu huyo ni mjukuu wangu. Nami sina hata mchumba. Ndiyo maana jina sikuliandika: sitaki mgeni aliitikie akajikuta zamuni.

Kwa hiyo sikia. Sisi tumezoea kusema "narudi saa hii" huku tumeshaondoka moyoni. Usiseme, kama hurudi; kuna mtu atakuamini. Na siku ya mvua ukinikuta penye ule mkebe, nikakuomba kwa upole unishikie mwavuli kidogo tu, kataa. Nitakuwa nimechoka.