Mkaja Ndani ya Koti

Simu ililia nikiwa nimelazwa chali, shangazi yangu ananifunga mkaja. Aliyezaa pwani ananielewa: kile kitambaa kinachozungushwa tumboni baada ya kujifungua, kikavutwa mpaka pumzi iombe ruhusa kupita. Shangazi alikuwa amepandisha goti kitandani apate nguvu. Ncha ya pili ya kitambaa aliishika mavyaa, mama wa mume wangu, Mmeksiko wa Houston, naye akivuta kwa raha ya mtu aliyekutana na kazi anayoijua. Kwao pia mzazi hufungwa tumbo. Kwao pia hukaa ndani siku arobaini, hunyweshwa supu ya kuku, haruhusiwi kufungua friji, na masikio huzibwa kwa pamba upepo usije ukamwingia. Nilipoolewa na mtoto wa Kimeksiko, mambo ya arobaini nilidhani nimeyaacha Mombasa. Kumbe nimeyafuata kwa wenyewe.

Shangazi akaniwekea simu sikioni, pamba ikiwa mle mle. Ilikuwa kliniki ya meno ya hapo kwetu Richardson. Nilikuwa nimeomba kazi ya mapokezi nikiwa na mimba kubwa, nikangoja, nikakata tamaa. Sasa mwanamke ananiuliza kama naweza kufika Alhamisi kwa interviu. Nikasema naweza. Sikufikiri, wala pumzi ya kufikiria sikuwa nayo. Simu ilipokatika nilikuwa nacheka peke yangu kama niliyeahidiwa harusi.

Wala msinione mjinga kufurahia kiti cha mapokezi. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne. Marekani hii nilikuwa nimepanga maboksi ghalani Fort Worth pamoja na shangazi, na huko ndiko nilikokutana na mume wangu, alipokuwa mwanafunzi wa chuo anayetafuta vijisenti vya likizo. Nimesimama kaunta ya duka mpaka miguu ikavimba. Halafu mume akapata kazi ya kompyuta kwenye maofisi ya Richardson, tukanunua nyumba kwenye mtaa ambao nyasi zote zina urefu mmoja, na asubuhi wanawake wote wanatoka na mikoba yao wanapanda magari. Mimi nabaki. Siku moja jirani alinikuta namwagilia maua yangu, mbele ya mlango wangu, akaniuliza nasafisha hapa siku gani za wiki, maana naye anatafuta mtu. Nikamwambia nasafisha kila siku na mwenye nyumba ananilipa kwa kulala naye. Hakunisalimu tena. Basi nilitaka kiti, meza, simu, na kibandiko kifuani chenye jina langu. Nilikitaka kiti kile mpaka mate yananitoka.

Shangazi alisikiliza habari yangu, akaendelea kufunga fundo. Aliposema, alisema polepole.

"Alhamisi gani? Wewe hata wiki tatu hujatimiza. Kaburi la mzazi hukaa wazi mpaka arobaini itoke."

Mavyaa hakujua Kiswahili hata neno, lakini uso wa shangazi aliusoma vizuri, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kihispania. Akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo nikiyatafsiri ni yale yale, na kaburi lake ndani. Nilihisi hasira inapanda kutoka kwenye nyayo. Wazee wawili, mmoja anasema Bismillahi na mwingine anajipiga ishara ya msalaba, hawaelewani hata kuombana chumvi, lakini kunifungia mimi ndani wanaelewana kama waliozaliwa tumbo moja.

Hapa lazima niseme nilikipataje hicho Kihispania. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa tuliishi Houston kwa wakwe. Mume anashinda chuoni, baba mkwe kazini, mimi na mavyaa jikoni kutwa. Kiingereza hana. Sasa tungenyamaziana mwaka mzima? Nilianza na vyombo, nikaja kwenye vyakula, nikafika kwenye umbea, na nilipofika kwenye umbea nikajua lugha imeingia. Aliniita binti yangu, kwa lile neno lao, *mija*, akinirekebisha kwa mwiko mkononi.

Lakini mwanawe wa kumzaa, mume wangu, hamsemeshi mama yake Kihispania. Anaelewa kila kitu, anajibu kwa Kiingereza. Alipoanza shule, mwalimu alimwita mama yake akamwambia aache kuongea Kihispania nyumbani, mtoto asije akabaki nyuma. Mama akatii. Na kwa vile Kiingereza hakuwa nacho, amsemeshe nini? Akapunguza maneno. Mtoto akaenda mbele kweli, wa kwanza kwao kuingia chuo, na kazini akalikata jina lake likawa fupi la Kizungu, wenzake walitamke bila kuumia. Kwa hiyo nyumbani kwangu mambo yalikuwa hivi: mama anasema, mwana anajibu kwa Kiingereza, na mimi wa Mombasa ndiye namtafsiria mama maneno ya mwana wa tumbo lake. Ilinichoma kila siku, na kila siku nilimwambia mume. Alikuwa ananiambia kinywa chake kinakataa.

Jioni ile nilimweleza habari ya interviu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia labda nipige simu niwaombe tarehe nyingine, tusiwaudhi wazee. Nikamwuliza kama yeye alipoitwa kazini kwake aliomba tarehe nyingine. Wakati huo kampuni za simu za pale Richardson zilikuwa zinapunguza watu, na ya kwake mojawapo, kila Ijumaa alirudi nyumbani akiwa kama aliyesamehewa, na bado anataka mimi niwe na adabu. Nikapandisha sauti. Nikasema Alhamisi natoka, na mlango ukifungwa nitapitia dirishani.

Shangazi akajibu kutoka jikoni. "Dirisha lenyewe dogo, mwanangu, na wewe sasa hivi si mwembamba."

Nikalia, nikacheka, maziwa yakamwagika, mtoto akaamka. Ikawa vurugu. Ndipo nikawasikia wazee jikoni wanafanya kikao. Kikao cha nini, sijui, maana hakuna lugha. Nilisikia sufuria, nikasikia kicheko, nikasikia shangazi anasema "pamba" na mavyaa anarudia "pamba." Wakaja wote wawili mlangoni na masharti yao. Nitakwenda. Mkaja hauvuliwi. Soksi za sufu, kitambaa kichwani, pamba masikioni, na ndani ya gari hakuna kufungua kiyoyozi wala dirisha. Na wao wanakuja.

Nani asiyejua joto la Texas mwezi wa Agosti? Alhamisi mume aliomba ruhusa kazini, akaendesha, shati limemganda mgongoni. Mimi mbele, nimevaa koti la harusi ya dada yake mume, vifungo vinashikana kwa sala. Nyuma wazee wawili na mtoto katikati. Hewa haipiti, gari linanuka mafuta ya nazi na supu. Mume akanyoosha kidole kuelekea swichi ya kiyoyozi, mikono miwili ikamgonga bega kutoka nyuma kwa wakati mmoja. Nilicheka mpaka nikahofia mkaja utafunguka. Nilikuwa naogopa, naona raha, nataka kuimba. Sijawahi kwenda mahali nikiwa na moyo ule.

Tukaingia kliniki kama msafara. Shangazi akamchukua mtoto, mavyaa akakaa wima na mkoba mapajani, mume akakaa pembeni yao. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka meneja, mwanamke mrefu mwenye tabasamu lililopigwa pasi, akaita jina la ukoo. Jina la mume wangu, la Kihispania kabisa, ndilo nililojaza kwenye maombi, kwani ndilo jina langu. Nikasimama. Yeye akanipita kwa macho, akamwendea mavyaa, akamnyooshea mkono, akamwambia kwa sauti ya juu na polepole kwamba wamefurahi sana amekuja.

Mavyaa akaushika mkono, akanitazama mimi. Nikasema jina ni langu.

Ofisini kwake aligeuzageuza kalamu. Akaniambia bila kunitazama kwamba walipoona jina langu walifikiri mimi ni mtu wa... hakumalizia. Kwamba wagonjwa wao wengi wapya wanasema Kihispania, na kazi hii inamhitaji mtu anayekisema, na anaomba radhi kwa usumbufu nilioupata.

Damu ikanipanda mpaka kwenye pamba. Nikamwambia mimi nakisema. Akatabasamu lile tabasamu. Akasema ana hakika nimesoma kidogo shuleni. Nikamwambia shuleni nilisoma Kiswahili, Kiingereza na kilimo, Kihispania nilisomea jikoni, na kama ana mtu wa kunipima amlete hapa. Hakuwa naye. Yeye mwenyewe alijua kusalimia na kuhesabu. Basi nikanyanyuka, koti likalia ubavuni, nikafungua mlango nikamwonyesha mavyaa. Nipime na yule, nikasema. Niulize chochote unachomuuliza mgonjwa.

Nadhani alikubali ili nimtoke. Tukarudi ukumbini. Akasimama kando yangu, akaanza maswali yale ya kila mgonjwa, na mimi namgeuzia mavyaa. Ana umri gani? Anatumia dawa gani? Mavyaa alikuwa anajibu kwa heshima zote, amekaa kama mbele ya hakimu. Nami nilikuwa naruka ndani kwa ndani, maana maneno yalikuja yenyewe, na lafudhi ya mavyaa, ile ya shambani, imo, hata mama mmoja wa Kimeksiko aliyekaa na wanawe pale alishusha gazeti akaanza kutabasamu. Baadaye aliniambia nazungumza kama bibi yake.

Meneja akauliza kama kuna jino linalomuuma. Nikamwuliza mavyaa, nikitegemea aseme hapana tuendelee.

Akaweka kidole shavuni. Akasema ndiyo, hapa, tangu kipindi cha baridi. Usiku anang'ata kona ya mto wa kulalia. Chakula anatafunia upande mmoja.

Nikasahau kutafsiri. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mija," akasema, "ningeletwa na yeye. Angelazimika kuongea kwa ajili yangu mbele za watu, na mwanangu anaona haya. Nikasema jino si kitu."

Alisema hivyo bila lawama, kama anavyotaja bei ya nyanya. Na mume wangu yuko pale pale, kiti cha tatu, anaelewa kila neno. Meneja akaniuliza amesema nini. Nikamwambia asubiri. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtupia yule mume, lakini alikuwa amekwisha kusimama. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akachuchumaa mbele ya mama yake, na pale, mbele ya meneja na mama wa gazeti, akamwambia kwa Kihispania, kibovu, cha mtoto wa miaka mitano, kwa sababu hapo ndipo alipokiachia:

"Mama, unaumwa, mimi sijui. Mimi siona haya na wewe. Niambie mimi."

Mavyaa akampapasa kichwa, akamsahihisha.

Shangazi, ambaye Kihispania hana, alinisogezea mtoto kifuani, akafuta macho kwa ncha ya buibui, akaniuliza kimya kimya kama kazi nimepata au tunalia bure.

Nilipata. Meneja alinirudisha ofisini, na safari hii aliniangalia mimi. Sikumsamehe siku hiyo, nisiseme uongo, wala sasa sijui kama nimemsamehe, lakini aliniambia kazi ni yangu nikiitaka, na anataka nianze Jumatatu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka useme ndiyo. Halafu nikasikia mkaja. Nikasikia mgongo, na maziwa, na miguu iliyochoka ndani ya soksi za sufu, na nikajua kwamba wale wazee wawili wa ukumbini hawakuwa wananitania. Nikamwambia nitaanza arobaini yangu ikitoka. Akauliza arobaini ni nini. Nikamwambia amwulize mgonjwa wake yeyote wa Kimeksiko, watamweleza, ila mimi kabla ya hapo siji. Aliitazama kalenda, akaandika tarehe.

Daktari alikuwa na nafasi, akasema atamwona mavyaa pale pale. Nikanyanyuka kwa mazoea niende kutafsiri. Mume akasema ataingia yeye. Mlango haukufungwa vizuri, kwa hiyo tulimsikia. Anatafuta neno la ufizi, hana. Anaonyesha kwa mkono. Anasema jino "limelala" akitaka kusema limeoza. Mama yake anacheka na mdomo wazi, anampa neno, naye analirudia. Ilikuwa polepole, inatia uchungu kuisikiliza, na mimi neno la ufizi nalijua, liko hapa kwenye ncha ya ulimi. Nikainuka nusu.

Shangazi akanivuta kwa mkia wa koti.

"Kaa chini," akasema. "Wewe ni mzazi."

Nikakaa, nikamnyonyesha mtoto.