Nilikataa mbuzi wa mahari ya binti yangu, sasa nawaomba mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mimi hapa Goma, mtaa wa Katoyi. Chumvi sijaongeza, natamani hata kuipunguza.

Mimi ni Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi, kwetu Bukavu. Nimefundisha chuoni miaka mingi jinsi makundi ya watu yanavyodharauliana. Walioshindwa kulieleza jambo hilo niliwafelisha bila huruma.

Binti yangu Furaha alichumbiwa na Kambale, Munande wa Butembo, kabila tofauti na letu. Kijana mpole, nikampenda.

Siku ya kupanga mahari, baba mdogo wa Kambale alisimama kwa adabu akasema wataleta mbuzi.

Kwetu mahari ni ng'ombe.

Kaka yangu, msemaji wetu, akaninong'oneza: "Hawa banatuona sisi ni batu ya mbuzi?"

Yule mzee alisikia. Akaeleza taratibu: "Papa Furaha, kwetu ngombe ni ya kuuza. Mbuzi njo ya kuoa."

Sentensi hiyo ningeweza kuiandika ubaoni, darasa zima likanakili. Lakini mdomo wangu ulisema: "Mutoto wangu hatatoka humu kwa mbuzi."

Walitazamana, wakakubali. Ng'ombe akaja, ndugu zangu wakapiga makofi. Nilijiona mshindi. (Mshindi wa nini, bado natafuta.)

Arusi ikapita. Juzi Furaha kanipigia simu toka Butembo. Kwenye matanga ya ukoo, bibi ya mumewe alimwondoa kwenye mkeka wa wake wa nyumba ile. Eti hajaolewa, amenunuliwa, maana hakuna mbuzi aliyetoka ukoo wao kuja kwetu.

"Papa, uombe mbuzi."

"Mimi?"

"Si njo wewe uliikataa?"

Nikampigia yule baba mdogo. Hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. "Sawa, muzee, tutaleta. Lakini mbele ya batu balebale."

Kaka yangu amekataa kuja. Anasema Wanande wametushinda. Sijui mashindano yalianza lini, ingawa nakumbuka vizuri nani alipiga filimbi.

Nilichojifunza ni kidogo: nilijua jina la ugonjwa, nikadhani nimepona. Hadi leo sijui kama nilikataa mbuzi au nilikataa Wanande.

Mliooana kabila kwa kabila, nisaidieni. Kaka nimwambie nini ili aje? Bila yeye wale si watu walewale, na binti yangu bado hana pa kukaa.