Umepita Nyumbani

Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado linaonekana juu ya vilima. Sikusimuliwa na mtu. Mtaniambia ni huzuni iliyonichezea, nami siwezi kuwazuia, lakini mikono iliyoshika usukani jioni ile ni hii hii ninayoandikia.

Kaka yangu Masatu alikuwa dereva wa lori la ushirika wetu wa pamba, upande wa Bunda. Lori la petroli, la tangu enzi za mkoloni, pua ndefu, la kuwashwa kwa hendeli. Mimi nilikuwa utingo wake. Masika moja tulikuta mto umejaa. Kupima kina ilikuwa kazi ya utingo, lakini kaka alinikataza, akaingia yeye. Maji yakamchukua mbele ya macho yangu. Baadaye yakalifikia na lori, yakalilaza ubavu. Tulimtafuta mpaka ziwani, mpaka Kibara kwa wavuvi. Hatukumpata.

Kwetu mtu asipopatikana mwili, huzikwa tunda la mwegea badala yake, lile tunda refu, zito, ambalo ukilibeba ni kama umebeba mtoto mchanga. Tukalizika uani kwake, kule kilimani, pamoja na kofia yake. Mjomba wetu wa Butiama ndiye aliyeongoza. Alipomaliza kusawazisha udongo akasema, "Sasa amefika nyumbani. Lakini mkimwona popote, msimjibu. Anayemjibu marehemu amempa mkono, atavutwa."

Haukupita muda mrefu tukahamishwa. Ilikuwa ile miaka ya kuingia vijiji vya ujamaa. Nyumba za kilimani ziliezuliwa, milango ikabebwa, tukapangwa kwa mistari chini kando ya barabara. Sisemi kwa ubaya. Shule tulipata, na maji ya bomba tulipata. Lakini ilikuwa haraka. Hata mawe ya kusagia yaliachwa kwa sababu ya uzito. Na makaburi je, nani angeyapakia?

Kijiji kikaamua lori lifufuliwe ili pamba ifike kiwandani Bunda. Nikapewa mimi kazi hiyo, nikaipokea kwa moyo wote. Unielewe: kaburi nililokuwa nalo lilikuwa na tunda ndani. Lori ndilo lililokuwa mwili wa kaka yangu.

Trekta ililivuta hadi Kiabakari, kwa fundi Wambura. Karakana yake ilikuwa na mashine ya kukerezea chuma, iliyobaki watu wa mgodi wa dhahabu walipoondoka. Tulipofungua injini tulikuta mchanga wa mto kila mahali, na ndani ya silinda moja nikakuta gamba la konokono. Nililia. Fundi akajifanya anatafuta spana.

Silinda zikachongwa upya, pistoni kubwa zaidi zikaletwa kutoka Musoma, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikakerezwa mpaka ikang'aa, na tapeti, vile vichuma vinavyosukuma vali, zikapimwa moja moja. Beringi tulizipaka masizi ya taa yaliyochanganywa na oili, tukafunga, tukazungusha, tukafungua tena. Pale masizi yalipofutika ndipo palipogusa; fundi anapakwangua kidogo, tunarudia. Ilikuwa kazi ya kubembeleza.

"Wewe kijana," fundi alinifokea siku moja, "hiyo nati unaikazaga kama unafunga ng'ombe wa mahari asirudi kwao! Itakatika!"

"Mzee, kaka alikuwaga anakaza hivi."

"Kaka yako alikuwa na mkono. Wewe una hasira." Kisha akaishika spana yeye mwenyewe, akaimalizia polepole bila kunitazama.

Siku lori lilipowaka, karakana nzima ilipiga makofi. Fundi akaniaga kwa onyo. "Usibebe mzigo, usikimbie. Injini hii sasa ni mzazi, mwache atembee taratibu kwanza."

Nikaondoka peke yangu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipovuka ule mto, ambao wakati huo ulikuwa na maji ya kifundoni tu. Ng'ambo palisimama mtu mwenye koti zito, kola imepandishwa mpaka mashavuni. Akanyoosha mkono. Niliposimama hakunisalimu, aliinamisha sikio kwenye boneti, akasikiliza.

"Tapeti ya tatu imelegea kidogo," akasema, sauti yake ikimezwa na mngurumo wa injini.

Nikadhani ni dereva mzee wa huko. Akauliza, "Unakwenda nyumbani?" Nikajibu, "Ndiyo, panda." Akapanda. Onyo la fundi lilihusu mzigo, na mtu mmoja si mzigo, au siyo?

Tukaondoka. Alikuwa akipapasa dashibodi kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Tukafika njia panda: njia ya zamani inapanda kilimani, barabara mpya inaelekea kijijini. Nikashika mpya.

Akasema, taratibu tu, bila kulaumu, "Mdogo wangu, umepita nyumbani."

Niamini, sikuhitaji kumtazama. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniita vile, akivuta neno mwishoni. Nilimtazama hata hivyo. Alikuwa ni kaka. Hakuwa na kidonda wala dalili yoyote ya kutisha, alikuwa amechoka tu, kama alivyokuwa akichoka msimu wa pamba.

Maneno ya mjomba yalikuwa kichwani. Nikarudisha lori nyuma, nikapanda kilimani.

Mnajua tulichokikuta. Kuta bila paa, magugu mlangoni. Alishuka, akasimama uani, akageuka kunitazama.

"Mama Bwire yuko wapi?"

Mama Bwire ni shemeji yangu, mkewe. Nilikaa kimya.

"Na watoto? Wamepatwa na nini?"

Akaingia kwenye zile kuta akiwaita mmoja mmoja, Bwire, Nyakwesi, Mafuru, kwa sauti ya baba anayerudi na zawadi. Kisha akatoka, akakaa juu ya jiwe la kusagia, akafunga vifungo vya koti.

"Basi wewe tangulia," akasema. "Nitawasubiri."

Niliteremka kilima nikilia.

Nilimweleza shemeji usiku uleule. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alimuulizia nani kwanza?"

"Wewe, shemeji."

Akachukua ufagio, akakaa nao mapajani mpaka kulipokucha, kisha akapanda kilimani. Tulikwenda sote, na mjomba, na tawi bichi la kumleta marehemu kijijini, tukamwita kwa jina, tukarudi bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa. Alikuja? Sijui. Shemeji hakuamini kwamba amekuja. Mpaka uzeeni alipandaga kule kufagia ule uwanja usio na nyumba, na watu wakamwona amerukwa na akili. Hakuwa hivyo. Alikuwa na mtu anayemsubiri.

Fundi Wambura alipoipima tapeti ya tatu, aliikuta imelegea. Aliikaza, akafunga boneti.

Mimi jambo moja limekataa kutoka. Pale mtoni nilimjibu kabla ya kumjua. Nilimwambia "Ndiyo, panda," na mpaka leo niko hai, nina wajukuu. Kwa hiyo ningeweza kumjibu na kule juu. Maneno mawili tu: wako chini.

Basi wewe unayesoma, ukihama, uhamishwe na serikali au na njaa au na mume, usiondoke kimya. Nenda kwa waliolala, mtaje kila mmoja kwa jina, umwambie kwa sauti mnakwenda wapi na njia ni ipi. Na kama umechelewa, akakukuta barabarani akakuuliza walipo watu wake, usiogope kama nilivyoogopa. Mjibu.