Chumvi Kwenye Barafu

Mimi si mtu wa kukaa. Hata chai nakunywa nimesimama, na mume wangu husema siku akinikuta nimekaa kitako atakimbilia msikitini kuuliza kulikoni. Kazi yetu hapa kijijini Salale ni kambamiti. Yeye anawanunua kwa wavuvi, mimi nawachambua, wakubwa huku, wadogo kule, tunawapanga kwenye deli la barafu na boti inawapeleka bandarini Nyamisati. Ni kazi ya vidole, na vidole vyangu vilipoanza kuvimba nilijiona kama ninayefukuzwa nyumbani kwangu.

Yalitangulia magamba. Meupe, kichwani na kwenye viwiko, yakipukutika juu ya kanga nyeusi kila mtu ayaone. Nilipakwa mafuta ya kila aina, na wapo walionong'ona kwamba ni ukoma. Jirani yangu mmoja alikuwa akipokea kikombe cha chai kwangu kwa ncha za vidole, nami nikawa namjazia hadi ukingoni makusudi, akishike vizuri au aungue. Baadaye ikaja zamu ya viungo. Asubuhi sikuweza kukunja ngumi, kidole kizima kimejaa kama muhogo, na kisigino kikinichoma kila nikikanyaga.

Daktari wa Dar es Salaam aliniambia ni soriasisi, na kwamba ngozi na viungo ni ugonjwa mmoja. "Kinga ya mwili wako, mama, inaushambulia mwili wenyewe." Nikamuuliza mimi nimeikosea nini. Alicheka, mimi sikucheka. Vidonge alivyonianzishia vilinichafua tumbo bila kunisaidia sana, ndipo akanihamishia kwenye sindano. Hii haizimi kinga yote, alinieleza. Seli za kinga hupelekeana ujumbe wa kuwasha uvimbe, na dawa inaukamata ujumbe mmoja njiani usifike. Kabla ya kuanza walinipima kifua kikuu na homa ya ini, maana kinga ikipunguzwa, maradhi yaliyolala huweza kuamka. Nikaonywa pia nisipuuze homa yoyote.

Kila mwezi nilikuwa nakwenda Dar kuchomwa. Baada ya miezi michache magamba yalikwisha, na asubuhi moja nikakunja ngumi. Nilizunguka kijiji kizima nikiwaonyesha watu ngumi, utadhani natafuta ugomvi. Nilifurahi hadi nikamsamehe jirani yangu wa kikombe.

Kosa lilikuja pale waliponikubalia kuondoka na sindano ya mwezi uliofuata, niichome mwenyewe nyumbani. Muuguzi alinieleza taratibu: ikae kwenye baridi ya friji, isipate joto, isigande. Mimi nilikuwa mlangoni tayari, mguu mmoja nje, nawaza boti. Friji hatuna, lakini barafu ndiyo maisha yetu, sikuona tatizo. Nilipofika nilimkabidhi mume wangu kile kiboksi, nikamwambia, "Weka kwenye baridi, isije ikapata joto." Lile la kuganda nililiacha njiani.

Naye alifanya kama anavyowafanyia kambamiti wa daraja la kwanza. Alikizungushia barafu iliyopondwa, akainyunyizia chumvi ya mawe, maana barafu yenye chumvi huuma zaidi. Kila siku alikuwa akibadilisha barafu na kuongeza chumvi, bila kuambiwa na mtu.

Siku ya kuchoma nilifungua kiboksi nikaikuta dawa imekuwa jiwe.

"Si itayeyuka?" akasema mume wangu. "Kambamiti mbona wanaganda, wanayeyuka, na watu wanakula?"

"Mimi kambamiti?" Nilipiga kelele hadi watu wakatoka nje. Nilimtukana siku hiyo, sifichi. Ilipoyeyuka ikawa safi, huwezi kuona kasoro, na shetani akaninong'oneza nijichome tu yaishe. Nikatembea hadi kwenye kilima cha kichuguu ambako mtandao unashika, nikampigia muuguzi.

"Usiichome, mama," akasema. "Ikishaganda imeharibika, hata ukiiona nzima. Nyingine haipo mpaka mzigo ufike. Nitakupigia."

Simu yake niliisubiri wiki baada ya wiki, na kusubiri ndiko nisikokujua. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilipanda kile kichuguu asubuhi na jioni. Magamba yakarudi nyuma ya masikio, kisha kidole cha shahada kikaanza kujaa, kikafuatiwa na jirani zake. Mume wangu akawa anachambua kambamiti peke yake, anachanganya wakubwa na wadogo, na mimi nimesimama juu yake namkosoa. Kila nikimkosoa alimwaga deli akaanza upya. Nilimchukia kwa upole wake, na nilijichukia zaidi, kwa sababu nilijua nani aliyekuwa mlangoni mguu mmoja nje. Sikumwambia.

Simu ilipokuja tulikwenda Dar wote wawili. Muuguzi alinipa sindano nijichome mbele yake aone kama najua. Kifuniko hakikutoka. Vidole vilikataa, nikalia pale pale, mtu mzima, kwa kizibo cha plastiki.

"Nipe mimi," mume wangu akasema.

"Sista," nikasema kwa haraka, kabla ujasiri haujanitoka, "ulituambia isigande. Uliniambia mimi. Yeye sikumfikishia."

Mume wangu aliniangalia, kisha akaangalia sindano. Muuguzi alimwelekeza: bana ngozi ya paja, ingiza, sukuma taratibu mpaka mwisho, halafu hesabu hadi kumi ndipo utoe. Akasema bismillahi. Akasukuma hadi mwisho, akaanza kuhesabu kwa sauti, akafika kumi, akaendelea. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini na moja.

"Yatosha, baba watoto," nikamwambia. "Imeshaingia."

"Ngoja," akasema, jasho linamtoka. "Ngoja kidogo, nisije nikaiharibu tena."